Bakuli la Kaburini Kivinje

Mpaka uzeeni Khairunnisa hakuacha kukipindua kikombe kabla ya kumiminiwa chai. Aliuza vyombo Kilwa Kivinje tangu alipoolewa, na chini ya kila chombo alitafuta chapa, ajue kimetoka wapi. Imani, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa akimtania.

"Mama Abizer, kikombe hiki uliniuzia mwenyewe."

"Ndiyo maana nakikagua."

Siku moja Imani alimfuata dukani kwa sababu ya mama yake. Bi Sikujua alikuwa hatoki tena kitandani, na ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe ubavuni mwa bibi yake aliyemlea, kwenye lile kaburi lenye bakuli la maua lililogandishwa kwa chokaa. Kila Shaaban walilifagia na kulisomea Yasin. Sasa mvua zilikuwa zimebandua lipu, na chini yake yakatokea maandishi ya Kiarabu yaliyoliwa na kuvu. Imani alijaribu kuyasoma, akashindwa, akamkumbuka Khairunnisa na jicho lake la kusoma chapa.

Walikwenda asubuhi, jua likiwa bado chini, ili mikwaruzo itupe kivuli. Khairunnisa alianza na bakuli.

"Maua haya yamepigwa chapa kiwandani, Ulaya huko. Si la kale kama watu wanavyosema, wala si la juzi."

Kisha akailowesha chokaa kwa kitambaa, akafuata herufi kwa kidole. Mtu alikuwa ameziandika chokaa ikiwa mbichi. Mwanasha binti Athumani. Mwaka wa Hijria 1299.

Imani alikaa chini. Bibi wa mama yake aliitwa Somoe, naye alizikwa mwaka wa Uhuru, Bi Sikujua akiwa msichana. Kaburi hili wakati huo lilikuwa tayari na karibu miaka themanini.

"Labda umesoma vibaya."

"Basi soma wewe, mwanangu."

Akasoma. Yakawa yaleyale. Kando yake palikuwa na matuta ya udongo yasiyo na alama yoyote. Huenda Somoe alikuwa katika mojawapo.

"Tusimwambie mama," Imani alisema.

"Mimi nimesoma kaburi. La mama yako ni lako."

Imani alikaa nalo siku kadhaa, likamshinda, akamwambia. Bi Sikujua alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe miaka yote namlilia bibi wa watu."

Akageuza uso ukutani. Imani alidhani amelala.

"Nizikeni palepale," alisema. "Bibi yangu hayuko mbali, na huyu nimeshamzoea."

Walimzika palepale, kabla ya Ramadhani. Khairunnisa alikuja matangani, akakaa jamvini na wanawake wengine mpaka dua ikaisha. Mwaka huohuo mwanawe Abizer alimhamishia Dar es Salaam, na huko ndiko mama huyo alikofia. Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari garini, Khairunnisa alimshika Imani mkono.

"Mkienda kusoma Yasin, na Mwanasha mtajeni. Jina lake tunalo sasa."