Chumba cha Kuonyeshea

Kila dalali wa vyumba vya kupanga ana chumba chake cha kuonyeshea: kibovu, cha kuanzia, ili cha pili kionekane kasri. Cha dalali huyu kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na dirisha lake lilitazama ukuta. Kwa miaka tisa kilimfanyia kazi yake vizuri.

Siku moja mteja alikuwa fundi cherehani, miezi minne tangu amzike mumewe. Aliingia, akasimama katikati, akasema, "Nakichukua."

Dalali akaelekea mlangoni. "Mama, ngoja kwanza! Twende kile kingine. Mtaa umetulia, kuna mwanga, majirani ni watu."

"Mlango wa hiki unafungika?"

"Unafungika, lakini..."

"Basi, mwanangu. Yameisha."

Alipohamia, dalali alikuja na balbu kubwa, roho ikimsuta. Akapanda kwenye kigoda, akaifunga, akawasha.

Mjane akatazama kuta zilizobanduka rangi, dari yenye madoa, sakafu yenye nyufa.

"Kumbe ni kibovu hivi," akasema, kama anayezungumzia nyumba ya mtu mwingine. "Zima, mwanangu."