Kopo la Mwanabaraka

Mimi nikikasirika husema, na siku zile nilikuwa naamka nimeshakasirika. Wifi yangu Mwanabaraka amekaa jikoni ala boga la kuchemsha, kavu, bila hata nazi, na mwanawe Zaki amesimama mlangoni amtazama kila tonge liendalo kinywani. Kabati la vyakula limetiwa kufuli. Kufuli, wallahi! Nyumba ya watu wa mtaa wa Kuze, mtoto amfungia mamake sukari kama amfungiaye mwizi.

"Mama, jana ulikula nini huko kwa maharusi?" Zaki akauliza.

"Maji. Na tango."

"Basi hiki kimashine chasema urongo?"

Kimashine hakikusema urongo, hilo ndilo lililotutia wazimu. Kila asubuhi hudungwa kidole, tone la damu likawekwa, na sukari iko juu vilevile. Alianza na vidonge, vikashindwa. Akapewa insulini ya kujidunga tumboni, asubuhi na jioni. Kipimo kikaongezwa, kikaongezwa tena, tena na tena. Daktari wa kliniki akamweleza kwamba insulini kazi yake ni kuubishia mwili hodi, ufungue, uipokee sukari iliyo damuni. Mwili wake yeye umekuwa sugu, wabishiwa hodi hausikii. Apunguze kula, akaambiwa. Akapunguza mpaka akawa anaona kizunguzungu, na kitu hakikushuka.

Na muda haukuwapo wa kungoja. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda. Kilianza kwa kiatu kipya cha harusini kilichomchuna, naye hakusikia kwa vile nyayo zilikuwa zimeshaingia ganzi. Kikawa hakifungi. Kikaanza kunuka, kisha kikaanza kuwa cheusi pembeni. Daktari hakuzunguka: sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Sasa nikwambieni huyu Mwanabaraka ni nani. Ni dadake mume wangu, mjane, na kazi yake ni kusinga maharusi. Mwari akiwekwa ndani kabla ya harusi yake, huitwa Mwanabaraka aje amsugue kwa singo, mchanganyiko wa manukato: liwa, manjano, karafuu, maganda ya chenza yaliyokaushwa, asumini na marashi. Kutoka Kibokoni mpaka Makadara, mama hakuona raha mwanawe akisingwa na mtu mwingine. Mwari wa Mwanabaraka akitolewa siku ya kupamba, uso unang'aa hata taa ya ukumbini yaona haya.

Tena alikuwa na desturi yake mwenyewe. "Msichana yuwaona haya kuvuliwa mbele ya mtu aliyevaa," alikuwa akisema. Kwa hiyo naye huvua, akajifunga leso, akajipaka singo ileile shingo mpaka nyayo, wakakaa wakicheka wote wawili wamekuwa manjano. Wiki nzima ya mwari huyu, kisha mwari mwingine. Miezi ya kabla ya Ramadhani hakuna siku aliyorudi nyumbani hanukii. Na kitu alichokuwa akikichanganya mwisho, kutoka kwa kopo lake dogo jeupe, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mimi mwenyewe nikiingia chumbani alikuwa akilifunika.

Watu wakasema anakula. Huko maharusini kuna halua, kuna kaimati, kuna pilau, nani atajizuia? Zaki alisema, jirani akasema, mpaka mume wangu akasema, nikamwambia anyamaze, kwani yeye amewahi kujizuia na nini? Lakini lililonivunja ni siku Mwanabaraka aliponishika mkono akaniambia, macho mekundu, "Khairiya, labda nala usingizini. Labda naamka bila kujijua nikala. Nifungie mlango kwa nje, wifi yangu. Nakuomba."

Nikamfungia. Nilitia ufunguo kifuani nikalala nikilia. Asubuhi nikafungua mimi mwenyewe, nikamdunga kidole mimi mwenyewe, na ile namba ilikuwa imezidi ya jana.

"Basi!" nikamwambia Zaki. "Mamako hali kitu. Kufuli lako kalifunge kinywani mwako. Leo kliniki naenda naye mimi."

Siku ile tulimkuta daktari mpya, Daktari Sheryl, mtu wa bara, mwanamke. Huko nyuma Mwanabaraka alikuwa akionyesha mkono na ule mguu tu, buibui halivuliwi. Mbele ya madaktari wanaume angevua nini? Huyu akafunga mlango, akavuta pazia, akasema kwa upole, "Mama, vua nikuone wote."

Nami sikuwa nimemwona siku nyingi bila ya nguo. Lo! Tumbo lilikuwa na mistari ya zambarau kama aliyechapwa bakora. Nyuma ya shingo pamevimba mafuta. Mikono imekuwa myembamba, ngozi kama ganda la kitunguu, na kila alipoguswa pana alama nyeusi. Uso tuliokuwa tukisema umenawiri, kumbe umefura.

"Mama, watumia dawa gani nyingine? Vidonge vya pumu? Vya maungo? Krimu yoyote ya ngozi?"

"Situmii kitu," akasema, akaangalia sakafu.

Mimi namjua Mwanabaraka akiangalia sakafu. Zikanijia zile tyubu tupu nilizokuwa nikiziona kwenye pipa la taka, zimekunjwa, nikidhani ni za chunusi za Zaki. Nikatia mkono ndani ya mkoba wake, kwani tukitoka pale alikuwa aende kwa mwari na lile kopo lake. Akanidaka kifundo cha mkono kwa nguvu nisizozidhania.

"Khairiya! Usiniumbue. Usinivunjie jina langu mji mzima."

"Jina gani, Mwanabaraka? Mguu wanuka! Watakukata mguu!"

Tukavutana pale, watu wazima wawili, daktari atutazama. Nikalitoa kopo nikaliweka mezani.

Daktari akalifungua, akanusa, akaligusa kwa ncha ya kidole. Akangoja. Mwanabaraka akalia kwanza, kisha akasema yote. Ni krimu ya tyubu, huletewa na mwanamke mmoja wa Makupa, naye huikamulia koponi. Ndiyo ing'arishayo. Bila hiyo singo ni singo tu, kila mtu anaijua.

"Hii ni dawa," Daktari Sheryl akasema. "Ina steroidi kali. Hupakwa kidogo, pahali padogo, siku chache. Wewe umejipaka mwili mzima miaka yote, ikaingia damuni. Ndiyo iufanyayo mwili wako usiisikie insulini, na ndiyo izuiayo kidonda kufunga. Sisi twaongeza sindano, wewe waongeza krimu." Akamwonya tena asiiache ghafla akaanguka, kwani mwili umesahau kujitengenezea steroidi ya kwake, atampa vidonge na kumshusha polepole.

Mwanabaraka hakuuliza habari za mguu. Aliuliza, "Na wale wasichana?"

"Wiki moja si kitu kikubwa. Mradi hawakuendelea nayo nyumbani."

Tukatazamana. Kila mwari wa Mwanabaraka huondoka na kopo lake la singo iliyochanganywa tayari, na likiisha hutuma mtu aje ajaziwe.

Sukari ikaanza kushuka. Ile insulini iliyokuwa haifui dafu ikaanza kufanya kazi, mpaka kipimo kikapunguzwa, kikapunguzwa tena, na Zaki akalivunja lile kufuli kwa nyundo huku akilia kama mtoto mchanga. Lakini mguu haukungoja. Uozo ulikuwa umeshaingia mfupani. Wakamkata chini ya goti. Nilikaa naye wodini, na siku zile zote hakunisemesha. Nikimlisha, ala. Nikimfunika, ageuza uso ukutani. Sikumlaumu, nami roho yaniuma hadi leo.

Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu, amekaa kitandani na leso mapajani, alipoingia mama mmoja wa Kibokoni na binti yake.

"Bi Mwanabaraka, sabalkheri. Pole na maradhi. Huyu hapa ndiye mwari wangu. Najua hujaweza kusimama, nami sikutaabishi. Nipe lile kopo lako tu, tutampaka wenyewe."

Mjini watu walijua kuwa ni sukari iliyomkata mguu, basi. Jina lake lilikuwa zima. Angesema limekwisha, akarudi kulala, na mimi nisingemfungulia mtu kinywa.

Mwanabaraka akamwita yule msichana, akamketisha kando yake. Akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana. Kisha akaivuta leso.

Msichana akapiga ukelele.

"Kopo langu ndilo lililonifanya hivi," akasema. "Harusi ni yako, mwanangu, nenda nayo na ngozi yako."

Mama akamshika bintiye mkono, wakatoka bila ya kuaga. Kufika adhuhuri mtaa wote ungekuwa umejua.

"Khairiya," akasema. Ndilo neno la kwanza kwangu tangu kuingia wodini. "Nipe buibui langu na yale magongo. Wale wenye makopo nawajua wote."

Tukaenda, hatua kwa hatua, yeye akining'inia begani kwangu, jasho lamtiririka. Nyumba ya kwanza mwenyewe alitoka, akasikia maneno mawili, akasema, "Umempaka mwanangu nini, mshenzi we?" Akatufungia mlango usoni.

Nikamwambia turudi nyumbani. Mwanabaraka akaegemea ukuta, akavuta pumzi, akainua gongo akagonga ule mlango.

"Hodi," akasema. "Hodi, jamani, nisikizeni."