Baba Kwenye Alfajiri ya Uongo

Kabla sijaanza naomba kitu kimoja: usiniambie ilikuwa njaa. Kila ninayemgusia habari hii kidogo tu ananiambia njaa ya Ramadhani, usingizi, macho. Njaa gani? Nilikuwa nimeshakula daku langu vizuri, wali wa kiporo na maharage, na usingizi ulishaniisha. Wallahi niliona. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme unavyotaka.

Sasa hivi mimi ni fundi friji hapa Dodoma, nakaa Area D. Wakati ule nilikuwa nyumbani Kondoa, mwadhini wa msikiti wetu mdogo wa mtaani. Kazi yenyewe niliirithi. Baba aliadhini pale tangu sijazaliwa, kwa sauti nzito ambayo hata watu wa sokoni waliijua. Alipofariki, wazee wakasema mwanawe ashike. Nikashika, ingawa sauti yangu ni nyembamba, na wawili watatu hawakunificha. "Huyu naye!" walisema, nami nimesimama hapohapo. Sikuwa nimemaliza hata mwezi, na hakuna kitu nilichokiogopa kama kukosea.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Mama. Kaka yangu Hamisi anaishi huku Dodoma, Makole, na mkewe. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia asifunge, yeye akasema atafunga, na Mama akishasema kashasema. Basi daktari akampa sharti moja: ukimeza kidonge, lazima ule. Kidonge bila chakula kinaishusha sukari mpaka mtu anazimia, na akichelewa kusaidiwa, ndiyo basi tena. Mama akakubali. Akawa anameza kidonge chake, anakoroga uji, halafu anaunywa taratibu mwishomwisho kabla ya adhana, maana kuchelewesha daku ni sunna na yeye hakutaka kupitwa na sunna hata moja. Mimi hayo yote niliyajua. Tafadhali kumbuka kwamba niliyajua.

Tulikuwa katika lile kumi la mwanzo. Usiku huo umeme ulikatika, mtaa mzima giza totoro. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, na saa ya ukutani pale msikitini ilikuwa imesimama siku nyingi, kila mtu anasubiri mwenzake anunue betri. Spika ilikuwa na betri yake kubwa, hiyo ilikuwa nzima. Nikatoka uani mwa msikiti nitazame mashariki, kama Baba alivyonifundisha.

Hapa nikueleze kidogo. Alfajiri ziko mbili. Ya kweli inatanda kwa upana, chini kabisa kwenye ukingo wa mbingu, na inazidi kung'aa. Ya uongo inaitangulia: inasimama wima, weupe mwembamba kama mkia wa mbweha, inakaa kidogo, kisha inafifia na giza linarudi. Mtoto yeyote wa madrasa anajua. Sasa mimi nilikoseaje?

Nilikosea kwa sababu ule mwanga ulikuwa Baba.

Mwanzo niliona weupe tu, juu ya vilima. Nikasema moyoni, huo ni wa uongo, subiri. Nikasubiri. Ule weupe ukaanza kujikusanya. Juu pakawa kichwa, na kofia. Chini yake pakawa mabega, la kushoto limeshuka, maana Baba alianguka kwenye mkokoteni akiwa kijana na bega lile halikupona sawasawa. Viwiko vikatoka huku na huku. Viganja viko masikioni. Niamini, hakuna mtu aliyewahi kusimama vile ila yeye. Alisimama kama asimamavyo mtu anayetaka kuadhini sasa hivi, na mimi nywele zilinisisimka mpaka kisogoni.

Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba hakunitazama. Uso wake haukuwa na macho wala mdomo, ila niliona kabisa umeelekea wapi. Umeelekea bondeni, nyumbani kwetu.

Nikawaza nini? Nikawaza nimechelewa! Nikawaza Baba kaja kunikumbusha, na wale wazee watanicheka mwezi mzima. Nikakimbilia ndani, nikawasha spika, nikaadhini. Maneno yalinitoka bila kutetemeka, jambo ambalo kwangu lilikuwa geni.

Nilipotoka tena uani, hapakuwa na kitu. Giza. Nyota zimejaa mpaka kwenye vilima. Nikaelewa palepale nilichofanya: nimeadhini alfajiri ya uongo, nusu saa mapema au zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pananiuma. Maiki nilikuwa nayo. Spika ilikuwa bado inawaka. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: jamani nimekosea, endeleeni kula. Niliileta maiki mpaka mdomoni, nikasikia pumzi yangu mwenyewe inavuma mtaani. Nikaizima. Niliona haya. Nikajiambia, mtu akianza kufunga mapema saumu yake haiharibiki, na jamaa hatutaswali mpaka wakati uingie kweli, basi nimemdhuru nani? Mama nilimkumbuka, usidhani nilimsahau. Nikajidanganya kwamba leo huenda kala mapema. Nikakaa kwenye mkeka nikisubiri kupambazuke.

Tuliposwali nikarudi nyumbani mbiombio. Nikamkuta Mama kwenye msala na tasbihi yake, uso umechangamka. Bakuli la uji liko pembeni, limefunikwa kawa, limejaa vilevile.

"Shikamoo Mama. Hujala?"

"Marahaba. Nile saa ngapi, na baba yako keshaadhini?"

"Mama, aliyeadhini ni mimi."

Akacheka, akanitazama kama ananionea huruma. "Mwanangu, nimeishi na yule mtu miaka arobaini. Sauti yake nisiijue?"

Nikamuuliza, "Kidonge umemeza?"

"Nimemeza. Nilikuwa ndiyo nakoroga uji."

"Basi fungua, Mama. Kunywa hata kikombe kimoja."

"Nifungue kwa sababu gani?"

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Mama, nimekosea, wakati ulikuwa haujaingia, nimekunyima chakula chako. Angenisamehe, angenywa, siku ingelipwa baada ya Idi. Lakini kumwambia ni kukubali, na akijua yeye, jirani atajua, na jirani akijua, mtaa mzima umejua. Nikamwambia, "Basi pumzika, usifanye kazi nyingi." Ndivyo nilivyosema. Halafu nikaenda zangu kwenye kibarua.

Niliporudi baada ya adhuhuri nilimkuta amelala kwenye msala uleule, jasho baridi limemlowesha, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikamtia maji ya sukari mdomoni, yakamwagika shavuni. Jirani yetu Bi Mwanaidi akaita bajaji, tukampeleka hospitali. Walihangaika naye mpaka magharibi. Watu walikuwa wanafuturu nje kwenye varanda wakati tunaambiwa amefariki.

Kwenye msiba ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa. Bi Mwanaidi akanishika mkono, akaninong'oneza, "Alfajiri nilimsikia marehemu baba yako. Nikasema naota." Imamu wetu, mtu asiyependa mambo ya ajabu, akaniambia aliamshwa na sauti ya mzee, akadhani mtu kacheza kanda ya zamani. "Na wewe, uliisikia?" Akaniuliza mimi! Nikasema sikusikia kitu. Mimi koo langu nalijua, na maneno yale yalipita kwangu. Kama yalipita kwangu, mbona hakuna hata mmoja aliyenisikia mimi?

Tangu siku hiyo sijaadhini. Niliwaambia wazee kifua kinaniuma, nikahamia huku. Area D nimepapenda kwa sababu taa ni nyingi na mbingu huioni. Hata hivyo nikiamka saa zile, najifunika shuka kichwani mpaka nisikie watu barabarani. Kaka Hamisi kila Ramadhani ananiita Makole tumsomee Mama, na kila mara anawaambia wageni kwamba mama yetu alikuwa na bahati, aliitwa na mumewe. "Si ndiyo?" ananiuliza mbele yao. Mimi namjibu, "Ndiyo, kaka." Wewe ndiye wa kwanza kuusikia ukweli wote.

Yule aliyesimama juu ya vilima sijui alikuwa nani. Labda Baba kweli alimfuata mkewe. Labda ni kitu kingine kilichovaa bega la Baba. Ukiona mtu wako aliyekufa amesimama kwenye mwanga, usifanye anachokufanyisha, kaa hapohapo mpaka mwanga utande. Lakini sikukukalisha hapa kwa ajili ya hilo tu. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayekula na kuacha kula kwa kuiamini sauti yako, siku ukimkosea usione haya. Mwambie, tena mwambie asubuhi ileile, akiwa bado anaweza kukuuliza sababu.