Swali la Mama Mkwe

Nilipostaafu uuguzi, kanisa letu la Kiirua liliniomba niongoze kikundi cha waliofiwa. Tulikutana Alhamisi alasiri katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo mafupi ya kazi hiyo, na neno lililosisitizwa kuliko yote lilikuwa kwamba mwelekezi asiwe mwepesi wa kusema. Kwangu hilo lilikuwa gumu. Nimeishi wodini, na wodini mtu akilia unakimbia.

Miongoni mwetu walikuwamo mama mmoja na mkazamwana wake. Kijana wa yule mama, mume wa huyu binti, alikuwa amefariki kwa nimonia msimu wa mvua. Waliishi boma moja na walikuja kwa njia moja, lakini wakifika ukumbini kila mmoja alitafuta kiti cha upande wake. Tangu mazishi walikuwa wanasemezana mambo ya ng'ombe na maji tu. Binti mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo.

Siku moja upepo wa mlimani ulikuwa mkali, tukafunga madirisha na kusogeza viti karibu. Mzee mmoja alikuwa akitueleza jinsi mkewe alivyopenda kuimba akikamua ng'ombe. Alipomaliza, yule mama akamgeukia mkazamwana wake.

"Mbona hukunipigia simu?"

Hakupaza sauti. Binti akainamisha kichwa.

"Nilikuwa Mikinduri kwa dada yangu," mama akaendelea. "Simu ninayo mkononi. Mtoto wangu anakufa, na wewe umenyamaza. Mbona?"

Nilihisi miguu yangu inataka kusimama. Nilikuwa tayari na maneno mazuri: kwamba hapa hatulaumiani, kwamba kila mtu ana uchungu wake. Nikamtazama binti. Alikuwa ameinua kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza tangu waje. Nikabaki nimeketi.

Muuza viazi mmoja aliyekaa kando yangu hakuweza kuvumilia kile kimya. Ni mwanamke mwenye roho safi. "Mama," akaanza, "Mungu ana mipango yake, sisi hatuwezi..."

Nikamwekea mkono gotini. "Dada, tungoje kidogo. Ameulizwa huyu."

Akajiegemeza kitini. Nje tulisikia mabati yakigongana.

"Alinikataza," binti akasema hatimaye. "Nilishika simu, akanikataza. Alisema, mama anaogopa barabara ikiwa na matope, usimtoe usiku. Atakuja asubuhi. Na mimi nikaamini asubuhi itafika, mama. Sikujua."

Yule mama alifunika uso kwa leso yake. Mikono yangu, iliyozoea kushika mtu, niliibana katikati ya magoti. Alipofunua uso alikuwa na swali lingine, na sauti yake ilikuwa imepungua kabisa.

"Alisema nini tena?"

"Alitaka uji. Uji wako. Nikamwambia, leo utakunywa wangu. Akaonja, akasema hauna ladha." Binti alijaribu kutabasamu, machozi yakamtangulia. "Lakini alimaliza kikombe."

"Alimaliza?"

"Chote."

"Ni wimbi," mama akasema. "Wewe unatia wimbi kidogo. Yeye alipenda ukiwa mzito, tangu akiwa mdogo."

Akaanza kusimulia utoto wa mwanawe, kwanza kwa Kiswahili, kisha Kimeru kikamchukua, na binti akawa anauliza, anaitikia, anauliza tena. Sisi wengine tulisikiliza. Jua lilishuka na hakuna aliyezungumzia kwenda nyumbani.

Hawakukumbatiana. Waliondoka kama walivyokuja, mmoja mbele, mwingine nyuma, na mimi nikaenda kwangu nikiwa na wasiwasi. Labda ningepaswa kumkinga binti mapema. Labda nilimnyima yule muuza viazi haki ya kufariji. Mpaka leo sina kipimo cha mambo haya. Namtazama mtu usoni, najaribu kujua kama anatafuta msaada wangu au anatafuta nafasi ya kusema.

Alhamisi iliyofuata binti alikuja peke yake. Nilishtuka, nikamuuliza kulikoni.

"Mama ana mafua," akasema huku akivuta kiti. "Nimemwacha karibu na moto. Amenituma niwasalimie, na nikirudi nimweleze kila kitu mtakachosema."