Vidole Juu ya Paipu Nne

Kaka yangu ni fundi wa pampu za dizeli, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Kwa miaka miwili alikuwa hasikii vizuri, na miaka yote hiyo aliapa kwamba tatizo ni watu wa siku hizi, hawafungui mdomo. Mimi natunza stoo ya vipuri kwenye gereji anayofanyia kazi, kwa hiyo nikawa masikio yake. Mteja akisema jambo, nalirudia kwa sauti huku nikijifanya namtania. Nilichoka, lakini ni kaka yangu wa tumbo moja, ningefanyaje?

Tajiri wetu, mwenye gereji, si mjinga. Siku moja alinivuta pembeni akasema anataka kumhamishia kwangu stoo akagawe spana, maana fundi asiyesikia injini hatamfaa. Kaka bila pampu angenyauka. Na tena, nani angeweza kukaa na mtu yule chumba kimoja kutwa nzima? Nikamsihi ampime kwanza kwa injini moja, akakubali. Nilipomweleza kaka, hakubisha hata kidogo. Hapo nikajua ameumia.

Asubuhi ikaletwa injini ya silinda nne, inatetemeka na kutoa moshi. Pampu yake ina vipistoni vinne vyembamba, kila kimoja na silinda yake. Kikisukumwa juu, kinaibana dizeli kwa nguvu ya ajabu, nayo inapita kwenye paipu ya chuma na kutoka kwenye nozeli ikiwa ukungu mtupu, inawaka. Kimoja kikigoma, silinda moja inalala njaa na injini nzima inachechemea. Mafundi wenzake wakatega masikio, wakaanza kubishana; huyu anasema ya pili, yule ya tatu.

Kaka akasogea kwenye injini. Alifuta mikono, akafumba macho, akaweka ncha za vidole juu ya zile paipu nne kama nesi anayetafuta mapigo. Dizeli ikipita kwa kishindo, paipu hushtuka kidogo, na yeye alikuwa anaifuata mishtuko hiyo kwa zamu yake: ya kwanza, ya tatu, halafu kimya, kisha ya pili.

"Ya nne haipigi," akasema. "Springi ya kipistoni chake imevunjika."

Wakazima injini, wakafungua pampu. Springi ikatoka vipande viwili. Mimi nilipiga kigelegele bila kujali nani ananitazama.

Kaka alikuwa bado ameinamia pampu. Nyuma yake watu wanampongeza, na Tajiri anamwambia habari ya stoo imekwisha. Hakugeuka. Nikafungua kinywa nimrudie maneno yao kama kawaida, lakini alikuwa ameziona nyuso zetu kwenye kioo cha lori lililokuwa mbele yake. Akainua mkono kunizuia.

"Sisikii," akasema, gereji nzima ikimsikiliza. "Nimeficha miaka miwili. Anayetaka kuongea nami aje mbele yangu."

Tajiri ndiye aliyetangulia kuzunguka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiruka matairi na kupenya kati ya injini na lori, mpaka wote tukabanana mbele ya uso wake. Tajiri akasema polepole, "Kazi yako ni hapahapa."

Kaka alimtazama midomo mpaka neno la mwisho, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mimi nililia waziwazi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno la kumrudia kwa sauti.