Ufagio Mlangoni pa Soja

Kwenye ploti yetu ya Mwihoko tulikuwa na choo kimoja cha wapangaji wote, na zamu ya kukiosha haikuandikwa popote. Ukimaliza kusugua, unaegemeza ufagio mgumu kwenye mlango wa jirani anayefuata. Akiukuta hapo, amejua.

Mimi zamu yangu niliifanya kwa hofu. Binti yangu alikuwa ameanza kutambaa, na kila alichookota kilienda mdomoni. Miezi michache kabla ya hapo aliendesha tumbo mpaka macho yakaingia ndani, tukalazwa Thika, na nesi akanionya kwamba akiishiwa na maji mwilini tena huenda nisimfikishe hospitalini akiwa hai. Mwenye kovu usidhani amepoa. Kila nzi niliyemwona nilimwona na jeneza dogo.

Basi ufagio ukafika kwa soja wa mlango wa mwisho, ukakwama hapo. Alikuwa kijana asiye na mke, analinda ghala Ruiru usiku, mchana analala. Mwanzoni tulisema amechoka. Halafu tukasema ana madharau. Choo kikafurika uchafu, nzi wakahamia kwenye korido. Nilitaka kukiosha mwenyewe, lakini mama mzee wa mlango wa pili, ambaye neno lake pale lilikuwa sheria, alinikataza. Alisema nikimwoshea leo nitamwoshea mpaka ahame. Nikamtii, huku roho ikinichemka. Nilimwaga dawa mlangoni kwangu, nikapiga deki sakafu iliyokuwa haijakauka, na mtoto nikamfunga mgongoni kutwa nzima ili asiguse chini.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha. Nilienda kugonga kwa soja nikiwa na matusi yangu yamepangwa vizuri. Hakuitika. Nikasukuma mlango, na harufu iliyonipokea ilikuwa ileile ya chooni.

Alikuwa amelala sakafuni kando ya ndoo, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Macho hayo nilikuwa nayajua.

"Nilikuwa nataka kuosha, mathe," akasema polepole. "Nimeshindwa kusimama."

Matusi yote yalinikauka. Sisi tulipita mlango huo asubuhi na jioni tukiangalia ufagio, na hakuna aliyebisha hodi. Nilipoinama kumwinua, mama mzee alinivuta kwa nyuma.

"Wacha nimshike mimi. Wewe uko na mtoto, simama huko nje."

Tuliita tuktuk. Yeye akampakata kijana kwenye kiti cha nyuma, mimi nikabanana kando ya dereva na binti yangu mgongoni, maana mtu wa kuachiwa mtoto ndiye huyo aliyekuwa ameshika mgonjwa. Njia nzima nilijipangusa mikono kwenye leso, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Kwenye kliniki nesi alimtundikia maji bila kupoteza wakati. Alipopata nafasi aliniuliza kama choo ni cha soja peke yake.

"Ni cha ploti yote," nikamjibu. "Hata tangi la maji ni moja."

Akageuka akanitazama, kisha akatazama mgongo wangu.

"Na huyu amelala tangu saa ngapi?"

Asubuhi nzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kwamba leo hasumbui.