Mfupa wa Erdaulet

Ulbosyn alimchagua kondoo yule kwa makini kuliko alivyomchagua kondoo wa arusi ya bintiye. Alitaka dume nono, mwenye mkia uliojaa mafuta, asije mtu akasema kwamba mjane ni mchoyo. Jambo alilokusudia kulifanya lilihitaji karamu isiyo na dosari.

"Mzima huyu kwa ajili ya Erdaulet?" jirani yake Jumabike alimuuliza, ameegemea uzio. "Mimi ningempikia mawe."

"Mawe hayaivi, dada."

"Basi mmwagie chumvi kilo nzima."

"Atakula vizuri tu. Wewe njoo, na ukae mahali utakapomwona usoni."

Hasira yake ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Kila majira ya kuchipua, Ulbosyn hutandaza kamba ndefu ardhini katika bonde la Karabastau na kuwafunga hapo watoto wa farasi, ili mama zao warudi kukamuliwa. Kamba ile haivukwi. Hata mlevi huizunguka. Mwaka uliopita watalii wa kambi ya Erdaulet waliteremka mlimani kwa pikipiki za magurudumu manne, wakaipasua katikati wakipiga vigelegele. Mtoto mmoja wa farasi aliruka kwa hofu, akanaswa, akavunjika shingo. Alikuwa uzao wa mwisho wa jike aliyelelewa na marehemu mumewe kwa maziwa ya chupa.

Ulbosyn alikwenda kambini kwa miguu. Erdaulet, kijana aliyezaliwa nyumba ya nne kutoka kwake, hakushuka hata ngazi.

"Aa, shangazi, mtoto wa farasi tu huyo! Si watazaliwa wengine?"

Kesho yake akatuma boksi la chokoleti. Ulbosyn hakulifungua. Aliliweka juu ya kabati mkabala na kitanda chake, ili hasira isipate usingizi.

Na sasa Erdaulet alitaka nembo ya kijani. Chama kimoja cha utalii unaotunza mazingira kilikuwa kinamleta mkaguzi kutoka Almaty. Akiipata nembo, wilaya ingemkabidhi bonde lote la Karabastau kwa miaka kumi na mitano, chemchemi na malisho yake, na farasi majike tisa wa Ulbosyn wasingekuwa na pa kula kiangazi. Kwa kuwa mkaguzi alipaswa kula katika nyumba ya mwanakijiji, Erdaulet alikuja mwenyewe, meno yote nje.

"Hakuna anayepika nyama kama wewe, shangazi. Yaliyopita yamepita, sivyo?"

"Karibu nyumbani, mwanangu," Ulbosyn alijibu.

Kwao mgeni hafukuzwi. Hata adui akifika mlangoni, hulishwa. Lakini desturi hiyo haikusema alishwe kipande gani.

Siku ilipofika, mchana kweupe, wazee wawili wa kijiji waliketi na mkaguzi kuizunguka meza ya chini. Mkaguzi, Tolegen, alikuwa mzee mwembamba wa miaka sabini, buti zake zimejaa vumbi, maana tangu asubuhi alikuwa akiikagua kambi kwa miguu. Erdaulet aliingia na joho jipya la mahameli lenye nyuzi za dhahabu, na kofia ya manyoya ya mbweha katika joto la mwezi wa saba.

"Huyu vipi?" Jumabike alimnong'oneza Ulbosyn. "Kama bwana arusi aliyekimbiwa."

Erdaulet alianza kuhubiri kabla hajakaa vizuri. "Sisi kambini tunalinda mila, mzee Tolegen. Hasa kugawa nyama. Watalii wanaipenda sana! Mimi babu alinifundisha mfupa mmoja mmoja."

Ulbosyn akaleta sinia, nyama inafuka mvuke juu ya tambi pana. Kichwa akakiweka mbele ya Tolegen. Mifupa ya nyonga akawapa wale wazee wawili. Kisha, bila haraka, akauweka mbele ya Erdaulet mfupa wa mguu wa mbele, ule wa chini, anaopewa mchungaji wa kukodi anayekula nje.

Mzee mmoja alibaki na tonge hewani. Pale mtu huisoma hadhi yake katika mfupa aliowekewa, na zamani koo nzima zilitoana damu kwa kosa kama hilo. Ulbosyn alisimama na bakuli la mchuzi, akiusubiri uso wa Erdaulet ubadilike.

Erdaulet aliukamata mfupa kwa mikono miwili, akaung'ata.

"Mmm! Shangazi, mikono hii ingekatiwa bima!"

Mafuta yalimtiririka kidevuni. Ulbosyn alihisi ameibiwa. Mwaka mzima alikuwa akinoa kisu chake, kumbe anamchoma mtu aliyekufa ganzi. Alijuta hata kumchinja yule kondoo.

Tolegen alikifuta kisu chake polepole. "Hebu nifundishe, mwanangu, kama unavyowafundisha watalii. Umepewa mfupa gani huo?"

Erdaulet aliutazama. "Huu? Huu ni wa heshima, mzee. Hupewa mtu aliyeleta neema kijijini."

Jumabike alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Mzee mmoja alipaliwa, mwenzake akampiga mgongoni.

"Ni kweli, dada?" Tolegen alimuuliza mwenye nyumba.

"Ni mfupa wa kibarua," Ulbosyn alisema. "Nimempa makusudi, na ningekuwa na mwingine wa chini zaidi ningempa huo. Aliwaachia wageni wake wakavuka kamba yangu kwa pikipiki. Wamemuua mtoto wa farasi, naye akaniletea chokoleti."

"Walivuka kamba?" Tolegen aliuliza taratibu. "Kwa pikipiki?"

"Zile tuliziuza zamani, mzee!" Erdaulet aliropoka. "Si nilikwambia asubuhi?"

"Twendeni tukaone."

Walikwenda wote bondeni. Nyasi za kule zikijeruhiwa haziponi upesi. Njia za mwaka jana zilikuwa bado wazi kama makovu, na juu yake kulikuwa na nyingine mbichi, udongo haujakauka. Tolegen alipiga magoti, akapima, akaandika. Aliposimama hakumtazama hata Erdaulet.

"Nembo hutaipata," alisema. "Na wilaya nitaiandikia mwenyewe kuhusu bonde hili."

Waliporudi kijijini, akalifuata gari lake. Erdaulet alimkimbilia Ulbosyn hadi ndani, kofia mkononi, jasho likimlowesha mahameli.

"Shangazi, bado hajaondoka. Mwambie tumepatana. Nakuletea watoto watatu wa farasi, wanne! Umenibeba mgongoni wewe, umesahau?"

Ulbosyn alijitafuta ndani kama kuna huruma. Akakuta njaa, hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri.

"Kaa kwanza unywe chai," alisema.

Erdaulet akaketi upesi, amepata matumaini. Ulbosyn akashika birika. Mgeni anayependwa humiminiwa kidogo, nusu bakuli au pungufu, ili alirudishe tena na tena. Yeye alimimina mpaka nusu, akaendelea, akaendelea, hadi chai ikafura ukingoni na tone moja likateremka. Hilo Erdaulet alilijua. Hata kwenye ghorofa za Almaty wanalijua: bakuli likijaa, unywe uende zako. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi masikioni.

Ulbosyn alivuta sinia, akajikatia kipande kinono cha mkia.

"Kunywa, mwanangu," alisema huku akitafuna. "Inapoa."